Saa Tisa na Robo Usiku, Duluth

Mvulana alianguka jioni, akicheza magongo barafuni.
Hakuzimia. Hakutapika.
Matokeo anayakumbuka: nne kwa mbili,
na la nne kafunga yeye.

Daktari Maki anamulika mboni; zinasinyaa pamoja.
Anapapasa fuvu, anateremka shingoni
kwa vidole vyenye miaka kumi na tisa ya usiku kama huu.
Vidole vinasema: panadoli, akalale.

Lakini chumbani kuna mtu wa nne.
Hayumo kwenye orodha ya wagonjwa.
Kavaa suti ya kijivu, viatu vikavu
ingawa nje theluji inafika magotini,
na kwa upole ule ule wa siku ile anauliza:
"Daktari, ingekugharimu nini kuagiza kipimo?"

Siku ile ilikuwa ya Orville Skaar,
dereva wa greda la kusukuma theluji,
aliyekuja na kiungulia, akarudishwa nacho nyumbani,
akakutwa asubuhi sakafuni jikoni,
kahawa bado inachemka.
Saa sita za maswali.
Karani akigonga vitufe hata alipomeza mate.
Bima ikalipa. Kesi ikafungwa.
Yeye ndiye hakufunguliwa.

Wahenga walisema juu ya aliyeumwa na nyoka
na ung'ongo unavyomshtua.
Hawakusema lolote juu ya ung'ongo
wenye miaka kumi na mitano, unaopiga miayo kitandani.

Anaagiza picha.
Mashine inazunguka, mionzi inapenya
ubongo ambao bado unakua,
na bili inaanza safari yake taratibu
kuelekea kwa Tammy Lindqvist, mama mtu,
muosha vyombo wa zamu mbili.

Picha safi. Safi kabisa.
Anaandika: *Nimeeleza hatari. Mama ameelewa. Ameridhia.*
Kila sentensi kaitia kufuli.
Hamwandikii daktari wa asubuhi;
anamwandikia msomaji wa miaka mitatu ijayo,
mwenye kalamu nyekundu.

Mlangoni Tammy anamshika mikono yote miwili:
"Wengine wangetufukuza. Wewe umejali."

Na Maki, aliyekuwa na jibu
kwa kila swali la suti ya kijivu,
hili analikosea jibu.
Alijali? Aliogopa?
Palikuwa na mpaka hapa, zamani, aliujua kwa miguu.
Theluji imeufunika.

Kitanda cha saba mtu anakohoa.
Anavaa glavu, anapangusa koo.
Mwenye suti kishatangulia,
anavuta kiti.