Mpini Huposwa

Semhando ametandaza turubai mbili
kando ya kibanda cha wacheza gofu, Raskazone,
na juu yake vyuma, kuanzia namba nne,
vimelala kama vifaa vya upasuaji
kabla daktari hajanawa.
Miaka thelathini na miwili pale Bombo
nilivipanga hivyo mimi, kwa mkono huu
ambao sasa asubuhi haufungui kopo la maziwa.

"Anza na kichwa, Sista."
Kila muuzaji huanza na kichwa.
Hiki kimefuliwa, kina makali membamba,
ukikosea mpira kwa unywele
kinakushitaki mpaka kwenye kiwiko.
Hiki kimemiminwa, kina bonde mgongoni,
hiki, Sista, kinasamehe.
Analitamka *kinasamehe* kama anayenadi udi.
Nami nina miaka sitini na mmoja,
nimeshasamehe vya kutosha,
safari hii na nisamehewe.

Lakini bei!
Kiinua mgongo kimeshaezeka bati la Makorora,
kimemlipia Mwanamkuu ada ya chuo,
kilichosalia mume wangu hukiita "cha msiba".
Nimemuaga nakwenda kupima presha.
Sikumdanganya sana. Imepanda.

Kisha akaitoa mipini.
Chuma, gramu mia na ishirini.
Chuma chepesi, tisini na tano.
Kaboni, nyeusi, nyepesi kama bua la mtama:
"Hii ya wazee," akasema, akajiuma ulimi.
Ngumu, ya kati, laini;
akasoma tarakimu kama mtu
anayesoma dawa asizozijua.

Hapo nikamwona baba.

Hakuwahi kushika fimbo ya gofu.
Alichonga mipini ya majembe
barabara ya kumi na mbili, Ngamiani,
kwa vibarua wa mkonge wa Pongwe na Kigombe.
Mtu aliingia na jembe jipya, analisifu linavyong'aa,
baba halitazami. Anamtazama mtu:
mabega, urefu wa mkono, anavyosimama.
"Nioneshe unavyolima."
Na yule bwana, katikati ya barabara,
watoto tukicheka,
akalima hewa.

Ndipo baba akaziendea fito zake,
mpera kwa mwenye pupa, maana huvumilia,
mkole kwa mwenye mkono mwepesi, hupinda na kurudi,
akaubinya mmoja, akaugonga kwa ukucha,
akausikiliza.
Jembe hununuliwa, akisema,
mpini huposwa.

"Semhando, viweke kando vichwa.
Nitazame ninavyolima."

Chuma kizito: mpira ulikwenda sawa,
kifundo changu kikapiga yowe.
Kaboni: ukapaa, wallahi ulipaa,
ukakata kushoto mpaka kwenye mivinje,
kunguru wakanitukana.
Chuma chepesi, namba saba.
Sikusikia kitu mkononi.
Sauti tu, *tk*, ndogo,
kama kidole kinapogonga mkono wa mgonjwa
kuuamsha mshipa.
Nikarudia. *Tk.*
Nikarudia tena, nikaacha kuangalia mpira unapoangukia.

"Nivalishe hii," nikasema,
"kwenye vichwa vyangu vya zamani."
Semhando akakunja uso. Faida iko kwenye vichwa.
"Watu hufanya kinyume, Sista."
"Watu hununua majembe."
Vichwa vyangu vina mikwaruzo ya wanawake watatu,
wa kwanza alikuwa metroni, hakusamehe hata nzi.
Nikahesabu noti, zikatosha mipini sita.
Namba nne nikaiacha na mpini wake wa kale,
haijanitii tangu tujuane.

Jioni nikaviegemeza nyuma ya mlango wa jikoni,
kati ya ufagio na jembe la baba.
Mume wangu, bila kuinua macho kwenye redio:
"Enhe, presha?"
"Tisini na tano."
"Iko juu hiyo."
"Hapana," nikasema. "Inanifaa."