Taya Laini

Ukutani, bati la tatu kutoka mlangoni,
kuna kibonyeo cha ukubwa wa ngumi.
Wageni hudhani ni jiwe la watoto.
Ni shafti. Shafti ya mashine ya kubangulia korosho
ya Bi Nambunga wa Naipanga,
iliyochoropoka kinywani mwa jiliwa
nikiwa nimeinama kuokota kitambaa.
Ningekuwa nimesimama, kibonyeo kingekuwa changu.

Fundi Mshamu alizima mashine, akanyamaza,
kisha akasema neno lake la siku zote: "Kaza."
Nikakaza. Nikachomeka bomba kwenye mpini wa jiliwa,
nikaning'inia kama ndoo.
Safari hii haikuruka.
Ilitoka na alama za meno pande mbili.
Bi Nambunga akazipapasa kwa kidole gumba
pale beringi inapokaa, akaniuliza:
"Hii nilileta kuchongwa au kutafunwa?"

Sikulala vizuri.
Nilichora kwa mkaa sakafuni: duara, kuta mbili.
Ukuta bapa huligusa duara kwa mstari mmoja tu,
mwembamba kuliko uzi wa kanga.
Wa pili vilevile. Basi.
Unaweza kukaza mpaka macho yakutoke,
mistari ni ileile miwili.
Nguvu haikupungua.
Palipopungua ni mahali pa kushikia.

Mashine yenyewe ni mabaki ya mradi wa karanga.
Waliokuja nayo waliondoka, reli ikang'olewa,
yenyewe ilikuwa nzito mno, ikabaki Nachingwea
na taya zake za chuma kigumu, meno ya mamba,
zimefungwa kwa parafujo mbili mbili
ambazo hakuna aliyezigusa tangu hapo.
Nilizimwagia dizeli siku tatu.
Tatu zikatoka. Ya nne niliibembeleza kwa tindo
ikalia, ikakubali.
Fundi Mshamu alitazama kama mtu
anayeona jirani akimng'oa mama yake meno.

Pistoni sita za trekta bovu,
sufuria isiyorudi tena jikoni,
mchanga wa Lukuledi niliouchekecha
kwa chekecheo la unga (mama bado analitafuta).
Nilimimina vipande viwili.
Kimoja kikatoka na matundu
kama mkate wa kumimina.
Nikarudia.

Nilizichonga zikiwa zimeshafungwa mahali pake,
maana taya hujifunza unyofu
palepale zitakapofanyia kazi.
Katikati ya kila moja nikakata mfereji wa pembe,
herufi V imelala ubavu;
sasa shafti inaguswa mara nne
na hakuna anayeiuma.

Kupima, nilichana vipande vinne vya karatasi
kutoka stakabadhi ya ghala
ya korosho za baba, msimu ule malipo yalipochelewa
mpaka tukauza baiskeli.
Nikaviweka kila taya inapogusa.
Nikakaza kwa mkono mtupu, bila bomba.
Nikavuta cha kwanza: hakitoki. Cha pili, cha tatu.
Cha nne kikateleza taratibu, kama ahadi.
Nikalegeza, nikapitisha tupa mara mbili, nikakaza.
Vyote vikang'ang'ania mpaka vikachanika.
Miaka sita, karatasi ile
ilikuwa haijashika kitu.

Fundi Mshamu akavuta mwenyewe, akabaki na kipisi.
Hakusema hongera. Alisema,
"Zitaliwa hizo. Ni laini."

Kweli. Kila umbo geni linapoingia,
gia ya kinu, kitovu cha toroli,
nazichonga upya zilifuate,
na kila mara zinakonda.
Leo asubuhi zimebaki milimita kumi na moja.
Zile za chuma zipo rafuni, zimepakwa grisi,
meno yote kamili.

Bi Nambunga amerudi na shafti nyingine.
Kabla ya salamu amelitazama lile bati,
akapima kwa macho,
akachagua kusimama upande wa pili.