Gome Linalotembea

Jina lake la Kiswahili sijalipata.
Nilimuuliza Lugaila, aliyekulia kwenye kambi za asali
kusini ya Sikonge. Akasema,
"Huyo? Huyo ni gome linalotembea,"
akaendelea kunoa shoka.

Uzito wake kiberiti kimoja na nusu.
Kahawia, kachirizikiwa madoa meupe
kama aliyepita chini ya ukuta unaopakwa chokaa.
Mdomo umepinda,
sindano ya kushonea magunia.

Huanzia chini, kila mara chini,
akalizunguka shina la mtundu
akipekua: ufa huu, ufa ule,
buibui, kiwavi, yai la mdudu fulani
ambaye naye simjui jina.
Akifika matawini hakai kuringa.
Hujiachia, puu, hadi kisigino cha mti wa pili,
anaanza upya.

Novemba, utomvu ulipopanda, tulichuna muyombo.
Gome liliachia kwa sauti ya kaniki mpya inayochanwa.
Lugaila akalikunja, akalishona kwa vijiti,
likawa mzinga.
Mti ukabaki kama mtu aliyeshukwa na suruali,
mweupe, unatoka jasho.
Nilicheka. Ndiyo, mimi.

Juni ya mwaka wa pili nikamwona
kwenye muyombo ule ule, umeshakauka.
Hatua, hatua, hadi ukingo wa jeraha.
Akaweka kucha kwenye mti uchi. Zikateleza.
Akainamisha kichwa kama karani
aliyekuta kurasa zimenyofolewa daftarini.

Kisha akashuka kwenye mtundu tulikotundika mzinga,
akapanda, akahamia juu yake
bila kubisha hodi.
Nyuki wakiingia na kutoka mlangoni,
yeye nyuma ya nyumba
anapekua nyufa alizozijua tangu zikiwa wima.
Akachomoa kitu chembamba. Akameza.

Lugaila alikuwa chini, mwenge unafuka mkononi.
Nikamwambia, panda basi, moshi unaisha.
"Ngoja amalize."
"Ndege tu, baba mdogo."
"Ngoja."
Mwenge ukafuka hadi karibu na vidole,
akauhamishia mkono wa kushoto.

Asali ilitoka debe moja na robo.

Siku hizi tumeletewa mizinga ya mbao,
imerandwa, ina namba za rangi nyekundu.
Nyuki wameikubali.
Yeye huja, huiparua mara moja,
anaondoka.