Herufi Iliyolambwa na Mvua

Mashine zetu ni kumi na moja.
Wiki hii zinazunguka saba;
nne zimeachama tu, hazina wa kuzilisha
mashuka ya hospitali za Leicester.

Bango la getini lina lugha nne.
Mstari wa Kiswahili niliuandika mimi, kwa brashi, mwezi wa tatu:
TUNAAJIRI.
Mvua ya nchi hii haina haraka, lakini haisahau.

Nilipokuja mimi, foleni ilizunguka jengo
mpaka kwenye mapipa ya taka.
Watu arobaini, nafasi tatu.
Koti la kuazima, mikono yake imenimeza vidole.
Bwana Pargeter hakuinua macho:
"Utaweza kusimama saa kumi?"
Nikasema hata kumi na mbili.
Mshahara sikuuliza. Kuuliza mshahara
kulikuwa kufunua chungu jikoni kwa watu.
"Tutakupigia," akasema, nami nikalala na simu kifuani
siku kumi na tisa.

Leo kiti chake nakikalia mimi.
Fomu ya kurasa tisa tumeikata, imebaki moja.
Wadhamini tumewasamehe. Mshahara tumeuanika
kama shuka kwenye kamba, majirani wote waone.
Na jibu ni siku hiyohiyo, maana kesho
ghala la ng'ambo ya reli litakuwa limeshamchukua.

Saa nne na robo anaingia Hetal Solanki,
helmeti ya baiskeli kwapani. Nimemwandalia chai.
Nafungua mdomo niulize; yeye anafungua daftari.

Ratiba ya zamu hutoka siku ngapi kabla?
Mama yangu akiugua, nani atanishikia?
Aliyesimama hapa kabla yangu, aliondoka kwa nini?

Makao makuu walinitumia majibu, yamepigwa chapa:
sisi ni familia moja, na kadhalika.
Nikayatazama. Nikasema: Dorota. Mgongo.
Na kule kwenye pasi, Julai, ni tanuri.
Akaandika. Kalamu yake haikunihurumia
wala haikunidharau.
"Na wewe, mbona hujaondoka?"

Chai ikapoa katikati yetu.

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka.
Hawakusema nani aliishikilia huko chini
miaka yote hiyo.

Anasimama, anafunga mkanda wa helmeti.
"Nitakupigia Ijumaa."

Namsindikiza getini. Hapo ndipo ninapoona
mvua imeshailamba herufi ya kwanza:
UNAAJIRI.
Hetal hajui Kiswahili. Anauliza pameandikwa nini.
Namwambia.
Anacheka, anapanda baiskeli, anakata kona.

Narudi ndani, simu mkononi,
nimeiongeza sauti hadi mwisho.
Leo ni Jumatano.