Lenzi Fupi

Hezbon ameziweka mbili juu ya kioo cha kaunta,
Kisumu, duka la nyuma ya soko la Jubilee.
“Hii, ukiifunga lenzi ndefu,
ukae ukingoni kule Nakuru,
utamhesabia heroe manyoya.”

Naibeba. Uzito wa pakiti mbili za unga.
Bega limekataa kabla ya mfuko.

Ile ndogo yaingia kikapuni
kati ya leso na dawa za presha,
lenzi yake bapa kama kizibo cha soda.
Ya mbali haiyaoni.

Heroe wana wapiga picha wao.

Shangazi Kageha, kule Mbale,
ana picha moja maishani, ya kitambulisho,
na hata hapo
aliambiwa asicheke.