Kiti cha Kwanza Kusema

Ostrava, juu ya duka la matairi,
saa tano usiku, Februari.
Theluji imekuwa tope jeusi kwenye ngazi.
Tulianza sitini na wanne.
Tumebaki kumi na wanane, meza mbili,
na watakaolipwa ni saba.

Mimi Radomíra, niliyeuza tiketi stesheni ya Bohumín
miaka ishirini na sita nyuma ya kioo,
foleni naihesabu kwa kuitupia jicho.
Kete zangu hazitaki hata jicho zima:
dau kubwa mara nane, na vichenji.

Ndimi wa kwanza kusema.
Nyuma yangu vinywa vinane havijafunguka.
Anayekaa mwisho husoma barua za wenzake
kabla hajaandika yake.
Mimi naandika gizani,
na wino ndio huu tu.

Bořivoj, fundi wa lifti, ananinong'oneza:
"Ngoja. Subira huvuta heri."
Huvuta, Bořivoj.
Lakini hapa subira hutozwa ushuru.
Mgao ujao dau kubwa ni langu,
unaofuata, dau dogo.
Haba na haba hujaza kibaba,
na kwa mlango ule ule
haba na haba kibaba humwagika.
Nikishuka hadi mara nne, nikasema "zote",
watanifuata kwa karata yoyote,
huku wanatafuna karanga.
Tisho nalo ni mali,
na huoza kama maziwa.

Duru iliyopita, kiti hiki hiki,
nilipewa ree na sita, rangi mbalimbali.
Kijana Vojta angeisukuma, macho yanang'aa.
Niliitupa.
Ree yenye mwenzi dhaifu
ni bwana harusi wa suti ya kuazima:
anapendeza mpaka mwenye suti aingie.
Na katika watu wanane
mwenye suti hakosi kualikwa.

Sasa nainua pembe.
Nane ya kopa.
Nane ya pau.

Si utajiri.
Mara moja katika tano
kuna mtu nyuma yangu mwenye jozi ya kunimeza.
Mara nne, hayupo;
akinijibu mwingine, mara nyingi ni sarafu hewani.
Nimewahi kupanda treni
kwa uhakika mdogo kuliko huo.
Nimewahi kuolewa.

"Zote."
Sauti ni ile ile ya dirishani: *Anayefuata!*

Wa kwanza anatupa. Wa pili.
Vojta anatupa kwa kidole kimoja, kama anafukuza nzi.
Bořivoj haniangalii.
Mpaka anabaki Dalibor, kwenye dau kubwa,
mlima wa kete umemficha kifua.
Anazitazama karata zake, anazirudia tena.
"Ana ngapi?"
Mgawaji anazihesabu kwa pumzi moja.
Hilo ndilo lililoniuma.

Friji la bia linanguruma.
Kwenye kitambaa cha meza kuna tundu la sigara,
nalikodolea macho
kama ndimo nitakamotokea.

Anatupa.

Hakuna aliyepiga makofi.
Nane zangu nazirudisha kifudifudi,
hazijaonwa na mtu, hazijamuua mtu.
Navuta dau dogo, dau kubwa,
na viingilio vya meza, vyepesi kama maganda.

Kitufe kinasogea kiti kimoja.
Karata zinachanganywa.
Na lile dau la Dalibor,
bado lina joto la vidole vyake,
nalisukuma mbele tena:
zamu yangu ya kulipa.