Saa Nne ya Nani

Daktari Rwegoshora alisema saa nne, kwa simu.
Nikajibu "sawa," nikaandika 4,
tarakimu ya mguu mmoja, kama korongo
juu ya jiwe la Kirumba: amesimama tu,
hasemi kama anatazama ziwa au jalala.

Masunga akaingia zamu akinukia sabuni.
Begi langu lilikuwa begani tayari.
"Wa saba kifafa cha mimba, ya kwanza kapata,
ya pili imeandikwa humo."
Nilimwambia nikitembea.
Alinisikia akivaa glavu.

Masunga amesomea kule ambako siku
huhesabiwa mpaka ishirini na nne.
Akaitazama 4 yangu, akaona alfajiri.
Akaona ana usiku mzima.

Na saa nne, ile tuliyokusudia,
ilifika, ikakaa kidogo pale koridoni,
hakuna aliyeiita, ikaondoka.

Wadudu wa ziwani walikuwa wengi usiku ule,
wameifunika taa ya wodi kama moshi wenye uhai.
Nyamisana alikuwa akiwazoa, ndoo kwa ndoo.
Yeye ndiye aliyemsikia Nyangeta
akisema kwa Kijita, taratibu, kama anayeomba radhi,
kwamba anaona cheche, na kichwa kinagonga.
Nyamisana akaenda mezani na ufagio wake.
"Yule wa saba..."
"Mama, kule konani bado kuchafu."
Akarudi konani.
Kona ile iling'aa.

Saa saba kitanda kikaanza kupiga ukuta.

Mimi nilikuwa Igoma, nimelala
usingizi wa mtu aliyemaliza kazi yake.

Alipona, nisiwatie shaka. Na mtoto,
kilo mbili na robo, sauti ya mpiga debe.
Siku ya kutoka mumewe alituachia mfuko wa dagaa
kutoka kambini kwao Igombe. "Wa wote," alisema,
nasi wote tukagawana, kikombe kwa kikombe,
bila kutazamana usoni.

Kikao kiliitwa.
Daktari: nilisema.
Mimi: niliandika.
Masunga: nilisoma nilichoandikiwa.
Kila mtu na kweli yake, imenyooka kama rula,
na katikati ya kweli tatu
mwanamke amejiuma ulimi.
Nyamisana hakualikwa. Alikuja kuchukua vikombe,
akalitazama daftari lililo wazi mezani,
akauliza, si kwa ukali:
"Saa nne ya nani?"

Kwetu Usukumani husemi "mwangaluka" ukapita.
Unasimama. Unangoja irudi.
Bibi yangu angekuita umrudie njia nzima
kama hukuitikia, hata ukiwa na mtungi kichwani.
Hilo nilikuwa nalo tangu utotoni,
nikaliacha getini pamoja na kandambili
siku niliyovaa sare nyeupe.

Sasa tunapokezana tukiwa kitandani, begi likiwa chini.
"Saa nne usiku," nasema.
"Saa nne usiku," anarudia Masunga,
"saa mbili baada ya taarifa ya habari."
Hiyo aliiongeza mwenyewe, siifuti.
Daktari akipiga simu namwambia ngoja,
namsomea alichosema, neno kwa neno.
Mara ya kwanza alishusha pumzi ndefu.
Mara ya tano akasema, "Hapana, sista,
nimekosea mimi, ni nusu yake."
Kimya kikatanda. Nikaandika nusu.

Si kila siku. Jumatatu mvua ilinyesha,
umeme ukakatika, tukapokezana kwa kupiga kelele
kila mmoja upande wake wa giza,
na aibu ya zamani ikapita koridoni
bila kubisha hodi.

Lakini jana, kabla sijafunga daftari,
nilimwita yule mwenye ndoo:
"Nyamisana, umeona nini leo?"
Aliangalia nyuma yake, kujua nimemwita nani.
Kisha akauegemeza ufagio ukutani.
"Wa tatu hajagusa uji tangu asubuhi.
Anaumwaga dirishani, anadhani hatumwoni."

Wa tatu, nikarudia. Uji. Tangu asubuhi.
"Ndiyo," akasema. "Hivyo hivyo."